Malalamiko juu ya Watu Wanaotembea Bila Kwenda Popote

Nyumba ya pili kutoka kisima cha zamani,
Kilwa Kivinje,
Alhamisi, 9 Agosti 1951

Kwa Mheshimiwa Liwali,
Barazani kwako.

Mheshimiwa Liwali,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia, maana najua umelelewa vizuri na umekwisha kuniamkia pale ulipoona jina langu nyuma ya bahasha. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa jirani yangu, na wewe nimekubeba mgongoni ulipougua surua. Sikukumbushi ili unipendelee. Nakukumbusha ili usome mpaka mwisho.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Chuoni nilisoma juzuu tatu za Kurani nikaolewa, na herufi hizi za serikali nilijifunza ukubwani kwa kusoma magunia ya dukani. Kwa hiyo ukiona nimekosea, nyamaza. Ukiona nimesema kweli, tenda.

Nalalamika juu ya Chama cha Watembeaji, na naomba ukipige marufuku. Kimeanzishwa na Mwalimu Dionis, kijana wa huko milima ya Matumbi anayefundisha hapa mjini. Simchukii. Ana adabu, na akiniamkia husimama, si kama wengine wanaokuamkia huku wanakwenda, shikamoo yao inabaki nyuma kama vumbi. Lakini alifanya kazi mwaka mmoja kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, na huko akaokota ugonjwa. Anasema aliwaona siku ya mapumziko wanapanda mlima, wanafika juu, wanatazama, wanashuka. Hawakupotelewa na mbuzi. Hawakuchimba mizizi ya dawa. Naye akaona hilo ni jambo jema la kutuletea sisi.

Chama kina watu tisa. Wanane ni vijana, na hao ningewaachia mama zao. Wa tisa ni mume wangu, Mzee Kondo, aliyekuwa mpima mizigo forodhani. Ana miaka sitini na minane na goti moja zima.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hawaendi popote. Hapa kwetu mtu akiwa njiani huulizwa aendako, naye hujibu: naenda shamba, naenda kwa mgonjwa, naenda kumdai fulani. Hata anayedanganya hudanganya kwa kutaja mahali. Hawa ukiwauliza wanasema, “Tunatembea tu, bibi,” kisha wanacheka kama watu waliopata kitu. Wanakwenda mpaka kilima cha Singino, mwendo wa saa moja na nusu kwa mzima na saa mbili na ushee kwa mume wangu, wanakaa, wanarudi mikono mitupu. Punda hatendi hivyo. Nilimwambia mume wangu, kwa kuwa unapita porini, niletee walau kuni za kuchemshia maji ya kukandia hilo goti. Akaniambia kuni si kusudi la chama. Nikamuuliza kusudi la chama ni nini. Akafikiri mpaka adhana ikaadhiniwa, akaenda msikitini.

2. Wametutoa machozi bure. Jambo hili lilikuwa Jumapili yao ya kwanza, baada ya Idi, na wewe ulikuwa umesafiri kwenda Lindi, kwa hiyo nakueleza lilivyokuwa.

Walitoka wote wamevaa kanzu, mume wangu mbele. Walikuwa kimya, maana yeye alikuwa hana pumzi ya kusema na vijana walimstahi wakanyamaza. Nyuma yake Mfaume, yule fundi cherehani, alikuwa ameshika upande mmoja wa mkeka uliokunjwa, na mwenzake ameshika upande wa pili, wameuweka begani. Ndani ya mkeka walifunga birika, vikombe na mikate, na juu wakafunika kanga wasiingie nzi. Sasa wewe Liwali niambie: watu tisa wa kanzu, kimya, mzee mbele, na kitu kirefu begani kimefunikwa kanga. Ungedhani nini?

Ungedhani kama mji wote ulivyodhani, kwamba ni jeneza la mtoto. Wanaume wakainuka barazani. Kinyozi alimwacha mtu nusu kichwa. Na unajua mila: jeneza hulibebi ukaling'ang'ania, watu hupokezana, kila mtu apate thawabu yake. Basi kila hatua chache mtu mpya anajitokeza, anamsogeza Mfaume kwa bega, anapokea mkeka. Mfaume alidhani wanampenda. Walifika daraja dogo wapata sitini, na birika lilikuwa limebebwa kwa heshima ambayo baba yangu hakuipata siku yake.

Walipofika makaburini wale tisa hawakukunja kuingia. Walipita. Hapo ndipo mmoja akasema, “Jamani, makaburi hayo yamepita,” na Mwalimu Dionis akajibu kwa upole kwamba makaburini hawaendi, wanakwenda kunywa chai.

Lakini aibu kubwa ilikuwa yetu wanawake. Mimi na jirani yangu Mwahija tulipoona jeneza tulichukua mchele tukaanza kuitafuta nyumba yenye msiba. Kwa kuwa Mfaume ndiye aliyekuwa mbebaji wa kwanza, tukaenda kwa mama yake. Yeye alikuwa anapepeta mpunga. Alipotuona tunaingia na ungo wa mchele kichwani na nyuso tulizozifanya, akajua mwanawe amekufa, akaangua kilio. Sisi tuliposikia analia tukajua tumefika penyewe, nasi tukalia. Tulilia kitambo kizuri. Mwahija alikwisha kuanza kumsifu marehemu, ndipo mama Mfaume akamshika mkono akamuuliza, “Amekufaje?” Mwahija akasema, “Sisi tumekuja kukuuliza wewe.”

Mchele ule tuliupika tukaula, maana mchele uliotoka kwa ajili ya msiba haurudi nyumbani. Lakini haukupita kooni vizuri.

3. Wamenitafutia mke mwenza. Hili ndilo lililonifanya ninunue bahasha.

Jumapili ya pili waliacha mkeka nyumbani, wakachukua kikapu. Walifika Singino wakapumzika nyumbani kwa Mzee Yahya. Mzee Yahya ana binti hajaolewa, jina lake Esha, mwenye umri wa kutosha na sura ya kutosha. Nakuomba ujiweke mahali pa Mzee Yahya. Unaona wanakuja watu tisa kutoka mjini, wamevaa safi, mtu mzima mbele na bakora, kikapu kimefunikwa, na hawana shida yoyote wanayoitaja. Wanasema wamekuja kutembea tu. Ni nani aliyewahi kuja kuposa akalitaja neno lenyewe siku ya kwanza? Mzee Yahya si mjinga. Akatandika mikeka, akachinja kuku, akamwita nduguye, ami yake Esha. Wakakaa kungoja maneno.

Maneno hayakuja. Mume wangu alikuwa na kiu. Alikunywa maji vikombe vitatu, akauliza maji hayo mazuri ameyachota nani. Akaambiwa ni Esha. Akasema, “Mungu ambariki mkono wake.” Kisha wakala kuku wa watu, wakashukuru, na mume wangu, ambaye kwangu mimi hajawahi kuahidi kitu akakitimiza, akaahidi kwamba watarudi Jumapili ijayo.

Wakarudi. Na ile nyingine wakarudi tena. Kila mara kuku.

Juzi Jumanne ami yake Esha aliteremka mjini, akapiga hodi kwangu. Mume wangu hakuwapo. Nikamkaribisha, nikampa kahawa na tende. Alikunywa, akasifu nyumba, akasifu ua, akanisifu na mimi. Alisema amesikia kwamba mimi ni mwanamke mvumilivu, na kwamba binti yao ni mtiifu, hatanisumbua jikoni. Akauliza shauri limefika wapi, kwa kuwa wao huko wamekwishiwa na kuku. Mheshimiwa, nimeishi miaka sitini na miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeombwa radhi ya kuletewa mke mwenza na mtu ninayemmiminia kahawa.

Mume wangu aliporudi nikamuuliza. Alishangaa kwa moyo safi. Alisema yeye aliyasifu maji kwa sababu yalikuwa ya baridi. Namwamini. Hana akili ya kutosha kunidanganya hivyo. Lakini Singino hawanijui mimi, wanajua wanaloliona, na wanaloliona ni mzee wa watu anapanda kilima na goti bovu Jumapili tatu mfululizo.

4. Wanakutana barazani kwangu. Kila Jumatano baada ya sala ya alasiri chama kinafanya kikao, na kahawa ni yangu. Mwalimu Dionis anasoma daftari: tulitoka, tulipanda, tulikaa, tulishuka. Kisha anauliza kama kuna mwenye kupinga. Wiki iliyopita Mfaume alipinga. Alisema daftari limeandika kwamba walipumzika mara mbili na yeye anakumbuka mara tatu. Wakajadiliana mpaka magharibi, watu wazima, na mimi nimesimama nyuma ya mlango na sinia, nangoja wamalize kupumzika kwa Jumapili iliyopita.

Na nyuma ya mlango huo nimesikia jambo, nalo naliandika hapa ingawa sikutaka. Mume wangu na mimi tuna miaka arobaini na mmoja ya ndoa. Kwangu mimi maneno yake ni “ndiyo”, “sijui” na “chumvi imezidi”. Kumbe ana maneno. Aliwaambia vijana habari za ndege wekundu aliowaona kwenye mihogo. Aliwaambia kwamba ukisimama juu ya Singino unaona mji wote, na kwamba aliitafuta nyumba yetu akaitambua kwa paa, na kwamba kwa mbali inaonekana ndogo, akaionea huruma. Vijana wakacheka, naye akacheka. Kicheko hicho nilikisikia mara ya mwisho mwanetu wa kwanza alipoanza kutambaa.

Mheshimiwa, paa lile nimekaa chini yake miaka yote hiyo. Nimelipikia. Kwa nini habari zake nizisikie kwa mlango?

5. Kwa hiyo naomba utoe amri hizi, na mpiga mbiu azitangaze.

Mtu yeyote asionekane njiani bila shughuli inayotajika. Asiye na shughuli apewe mzigo. Kama watembeaji watakataa mzigo, basi mpiga mbiu mwenyewe atangulie mbele yao kila Jumapili akitangaza, “Hakuna aliyekufa, hakuna anayeoa,” mpaka Singino na kurudi, na wamlishe wao. Kuku wote walioliwa kwa Mzee Yahya warudishwe wakiwa hai. Mzee Kondo akatazwe kuyasifu maji ya mtu. Na ikiwa haya yote hayatafaa, naomba uandike kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, naye aandike kwa wakubwa zake Dar es Salaam, kilima kifungwe. Bandari hufungwa penye ndui. Sioni kwa nini kilima kisifungwe, nacho kimedhuru nyumba tatu kwa mwezi mmoja.

Nakutakia afya wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Nisalimie mkeo, mwambie ile dawa ya jino aisukutue, asiimeze. Nisalimie watoto mmoja mmoja, karani wako anayekohoa, na yule askari wa mlangoni ambaye alinizuia mwaka jana, mwambie nimesamehe lakini sijasahau.

Ni mimi mama yako mdogo,
Maftaha binti Abdulrahmani,
mke wa pekee wa Mzee Kondo.

Nyongeza, Jumatatu, 13 Agosti.

Barua hii ililala chini ya mto tangu Alhamisi kwa kukosa mtu wa kuileta, na humo katikati ikaingia Jumapili. Neno la Singino halikuwa la kumtuma mtu. Nikavaa makubadhi yangu, nikawafuata nikiwa hatua kumi nyuma, ili nisihesabiwe kuwa mwanachama.

Nilimweleza Mzee Yahya kweli yote. Alicheka, akatukaribisha muhogo, safari hii bila kuku. Esha mwenyewe aliniambia kwa adabu kwamba nisiwe na wasiwasi, yeye alikwisha kumkataa mume wangu tangu Jumapili ile ya maji. Nimempenda mtoto yule. Ila njia nzima ya kurudi nilijiuliza, amkatae ana nini?

Kisha mume wangu alinishika mkono, kwa ajili ya mawe, akanipeleka ukingoni. Akanionyesha nyumba yetu kwa bakora. Nilichelewa kuiona, akaonyesha tena, hakuchoka. Ni ndogo kweli. Na makuti ya upande wa jikoni yameoza, jambo ambalo kwa miaka arobaini na mmoja tukiwa chini yake hakuna aliyeliona. Tulisimama pale mpaka vijana wakaanza kushuka. Alinieleza habari za ndege wote. Goti lake lilimsumbua njiani, na langu pia, kumbe ni goti lile lile la kushoto.

Daftari limeniandika kuwa mtu wa kumi. Nilipinga, nikaambiwa nipinge Jumatano.

Kwa hiyo amri zile usizitoe. Barua naileta hivyo hivyo, maana karatasi nimeinunua na siwezi kuichana. Mpiga mbiu mwache apumzike, nitakuambia mimi mwenyewe: Jumapili tukipita mbele ya nyumba yako, wazee wawili nyuma ya vijana wanane, kimya kwa kukosa pumzi, usiinuke na usije kupokea mkeka. Hakuna aliyekufa.