Nailoni kwenye Miparachichi Yangu

Leo sina pa kuweka uso. Nimekaa nyuma ya zizi na simu, naandika kabla sijabadili mawazo.

Mnakumbuka nilichoandika humu kundini mwezi uliopita. Kwamba Mama Elibariki, yule muuza miche wa pale Dongobesh, aliniuzia miche kumi na miwili ya parachichi za hass, zile zinazotafutwa na wanunuzi wakubwa, na baada ya miaka sita ya kubeba maji kutoka korongoni kwa punda (punda wa kwanza alishakufa, huyu ni wa pili) nimevuna maparachichi ya kienyeji. Ngozi laini, shingo ndefu, kokwa kubwa, nyama yenyewe maji matupu. Mnunuzi aliyekuja na gari kutoka Babati alichuma moja, akaligeuzageuza, akanirudishia mkononi na kunipa pole. Pole, kama mtu aliyefiwa.

Jioni ile nikaandika: "Ndugu, msinunue kwa huyu mama, ni tapeli." Nanyi mkanisikiliza. Nasikia miche yake imekaa bila mnunuzi mpaka mizizi imetoboa viriba.

Leo asubuhi mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima akamleta nyumbani kwangu, pamoja na wanakikundi wengine wanane, tuyamalize. Nilikuwa nimejipanga. Nilimwambia mke wangu, "Leo simwamkii." Akanitazama tu. (Mke wangu akikutazama tu, ujue umeshakosea.)

Mama Elibariki akaingia uani na mabuti yake ya mvua, kanga begani. Ana umri wa mama yangu mzazi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Jaribuni nyie. Mtu umeshampa shikamoo, naye ameshakuulizia watoto, halafu umwite tapeli. Ni kazi. Nikasema nilivyoweza, "Mama, miche yako haikuwa hass."

Alikwenda kwenye mti wa kwanza, akapiga magoti, akafukua samadi niliyorundika shinani, akapapasa. Akaenda wa pili. Akaenda wa tatu. Sisi wote tukawa tunamfuata nyuma.

"Mwanangu," akasema, "hapa pana kisiki kidogo. Nani alikata?"

"Mimi," nikasema, tena kwa majivuno. "Miche ilikuja na ugonjwa. Kila mmoja ulikuwa na kovu limefungwa nailoni, kama bandeji. Juu ya bandeji kulikuwa na tawi limedumaa, chini yake likachipuka tawi lenye afya. Nikakata lililodumaa, nikabakiza lenye afya." (Mkulima wa kisasa huyo.)

Mwenyekiti akaanza kukohoa. Mama Elibariki akanieleza polepole, bila kupandisha sauti. Mche wa kubebeshwa ni miti miwili. Chini ni mparachichi wa kienyeji, kwa sababu una mizizi migumu. Juu yake kimebebeshwa kijiti cha hass, na ile nailoni inavishikilia mpaka vishikane. Kinachochipuka chini ya nailoni ni cha kienyeji, na hicho ndicho cha kukata.

"Wewe ulikata hass," akasema, "ukalea shina."

Miaka sita. Punda wawili. Nimelea shina.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikasema labda nilikosea kwa michache.

"Uliikata mingapi?"

"Yote," nikakiri.

Hapo mke wangu akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Siyo yote. Ule wa nyuma ya jiko nilikukatalia. Nilitaka kivuli cha kuanikia vyombo."

"Ule si ndio mgonjwa kabisa?" nikasema. "Matunda yake ngozi ina mabakabaka na vipele, yakikaa yanakuwa meusi."

"Yanakuwa meusi," Mama Elibariki akarudia. "Hiyo ndiyo hass ikiiva. Mnayafanyia nini?"

Nilitamani swali hilo limpite kila mtu. Mke wangu akalijibu vizuri tu.

"Anampa nguruwe."

Mwenyekiti aliacha kukohoa akacheka waziwazi. Mmoja akasema ndiyo maana nguruwe wangu ana shingo kama mheshimiwa. Kumbe misimu mitatu hass zangu zote zimeliwa bandani, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea kwa ndoo, nikijisifu kwamba situpi kitu.

Walicheka wote isipokuwa Mama Elibariki, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alikuwa anakung'uta udongo magotini. Huyu mama anaishi kwa miche, hana shamba la maana, na mimi nimemfungia mlango kwa sentensi moja. Nikaona haya kweli. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Nimekusamehe," akasema. "Ila hii samahani umenipa mbele ya watu kumi. Lile la utapeli uliwaambia wangapi?"

Nikasema kundi lina watu mia mbili na zaidi.

"Basi waambie haohao. Uandike yote ilivyokuwa, usifupishe. Mimi simu yangu ni ya tochi, haina hayo makundi, lakini mwenyekiti atanisomea." Akafika getini, akageuka. "Na la nguruwe usiliruke."

Kwa hiyo nimeandika. Mama Elibariki si tapeli. Miche yake ni hass kwelikweli, nendeni mkanunue. Wale majirani watatu niliowafundisha kukata "bandeji", wekeni visu chini, tutaongea kesho, na nawaomba mje bila hasira. Wiki ijayo mama atakuja kunibebeshea upya mashina yangu kumi na moja, na mimi nimechoka hata kabla hatujaanza.

Mwenyekiti, ukimsomea, pale kwa nguruwe nakuomba usome harakaharaka.