Malalamiko Dhidi ya Taa Nyekundu Inayopepesa

Ndugu Mhandisi Mkuu wa Chipu za Kuchajia,

Kwa miaka miwili nimewaficha watu wa nyumba hii kwamba nasikia. Daktari amenihesabia wiki chache, kwa hiyo sina muda wa kuzungukazunguka: chipu yenu imeniumbua.

Nina jozi mbili za vifaa vya kusikia. Ile mbovu hukaa kwenye kisanduku cha kuchajia, kando ya kitanda. Ile nzima hukaa masikioni mwangu, chini ya kofia. Taa ya kisanduku ikiwa nyekundu, wote huamini vifaa vimo ndani na mimi ni kiziwi. Mkwe wangu hutangaza, "Mzee yuko chaji, semeni," nao husema. Ndivyo nilivyojua kwamba mimi ni mkaidi na kwamba chumba changu kitafaa kuwa stoo. Mpangilio huu ulitufaa sote mpaka mlipouingilia. Nikiwa mwalimu mstaafu wa umeme, nalalamika kwa utaratibu:

1. Chipu yenu ina miguu miwili, yaani pini, ya kutoa taarifa, mmoja wa taa nyekundu, mwingine wa kijani. Nani aliwaomba taarifa? Betri ijae, inyamaze.

2. Betri ikichelewa kujaa, kama ya jozi ile mbovu, muda wa saa sita ukipita chipu huishiwa subira na kuipepesa taa nyekundu, yaani kuna hitilafu. Mimi nina miaka themanini na mitatu ya hitilafu na sijampepesea mtu.

3. Kwa kawaida mimi huwahi kuchomoa waya na kuuchomeka upya kabla ya muda huo kutimia. Jumapili iliyopita nilisahau. Kifungua mimba wangu aliketi kando yangu, taa ikiwa nyekundu tuli, akasema polepole, "Baba, siku ile mama yuko mahututi, simu yako niliiona. Sikupokea. Ningepokea ningemkuta hai." Papo hapo taa ikaanza kupepesa. Akafungua kisanduku kuangalia kulikoni, akaikuta jozi mbovu aliyodhani nilishaitupa zamani, akaitazama kofia yangu. "Umesikia, baba?" Nikageukia ukutani, nikajifanya nimelala. Tangu siku hiyo haingii chumbani; chai yangu huletwa na mkwe.

4. Kwa hiyo naomba mng'oe miguu yote miwili, katika kila chipu duniani. Mkishindwa, ongezeni wa tatu, wa kuwasha taa wanayoitaka wenye nyumba. Vipimajoto, mizani na saa za ukutani zifuate. Navyo vina mdomo.

Nisalimieni mafundi wote na familia zao, pamoja na yule aliyebuni kupepesa, ambaye sina kinyongo naye isipokuwa hiki nilichokiandika.

Ni mimi, mteja wenu kwa muda mfupi uliobaki,
Mzee wa chumba cha uani

Tanbihi: Msing'oe kitu. Taa ilisema kweli. Bahasha hii sikuifunga, na nimeagiza aipeleke posta kifungua mimba wangu, si mwingine. Tangu utotoni hawezi kupita karatasi bila kuisoma. Mwanangu, nilikusikia. Miaka tisa nimekuacha ujilaumu, kwa sababu nilikuwa na hasira kwamba hukuwepo. Nilipokupigia simu ile, mama yako alikuwa ameshakata roho.