Tomato Sosi Katika Nyama ya Marehemu Mama

Oosterveld, Iowa
Jumanne, tarehe 25 Machi

Ndugu Mhariri,

Natumai barua hii itakukuta wewe na mitambo yako ya kuchapia mkiwa wazima, ingawa ningefurahi zaidi kusikia kwamba mitambo hiyo iliharibika Alhamisi ya tarehe sita.

Mimi ni Verlyn Roelfs, mfugaji wa nguruwe mstaafu, miaka sabini na moja, msomaji wa gazeti la wilaya yetu tangu lilipokuwa la baba yako. Sijawahi kukuandikia kulalamika. Mlipokosea jina la nguruwe wangu aliyeshinda kwenye maonyesho, nilinyamaza. Mlipoweka picha yangu juu ya tangazo la kifo cha mtu mwingine, nilinyamaza pia. Mke wangu Twila alipokea vyakula vya matanga siku tatu mfululizo, na tukavila, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi. Lakini safari hii mmegusa nyama ya mama. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, malalamiko yangu ni haya.

1. Siku hiyo, ukurasa wa tano, mlichapisha mapishi ya "Nyama ya Kusaga ya Jumapili ya Bi Alberta Roelfs, kwa hisani ya bintiye Marlys." Mstari wa nne unasema: tomato sosi, kikombe kimoja na nusu.

Ndugu Mhariri, mama yangu hakutia tomato sosi katika nyama ile. Alitia vitunguu, haradali, siki kijiko kimoja na supu ya mifupa. Baba hakuruhusu mtu yeyote wa nyumba yake kufanya kazi siku ya Jumapili, lakini jungu la umeme si mtu. Mama alikaanga nyama Jumamosi, akaiponda kwa kile chombo cha kupondea viazi, na Jumapili alfajiri akachomeka jungu ukutani. Sisi tulikwenda ibadani, tukarudi nyama imeiva, na amri ya nne, ile ya Sabato, haikupata hata mkwaruzo. Nyama ilikuwa punjepunje. Ukiing'ata skonzi iliyojazwa nyama hiyo, nusu inamwagika sahanini, nawe unaimalizia kwa uma. Huo ndio utaratibu. Nyama nyekundu inayoganda kwenye mkate kama gundi ni ya watu wa ng'ambo ya mto, na siwasemi vibaya, wana shida zao.

2. Mmeandika "bintiye" kana kwamba marehemu alizaa mmoja. Tulizaliwa saba. Tuliobaki hapa wilayani ni wawili, mimi na Marlys, na kwa miaka kumi na moja hatukuwa tukisemeshana.

Hatukugombana. Watu wa kwetu hawagombani, wananyamaza. Siku ya mazishi ya mama, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, nilifunua jungu nikakuta nyama nyekundu. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyezoea kuita nguruwe, "Nani ameitia damu nyama ya mama?" Mchungaji akasahau sala. Marlys aliweka mwiko chini, akavaa koti, akaondoka, na tangu hapo kanisani amekuwa akikaa benchi la tatu nyuma yangu. Nilipomwambia Twila, "Mwambie Marlys tairi lake limepungua upepo," Twila alimwambia. Marlys akajibu, "Mwambie nimeona, wifi." Mambo yalikwenda vizuri. Hakuna aliyelalamika isipokuwa Twila.

3. Baada ya gazeti kutoka, sikupata tena raha mjini. Asubuhi moja nilikwenda ushirika wa wakulima kunywa kahawa, wakanipokea kwa kelele: "Karibu, Mzee Nyanya!" Mwingine akasema, "Verlyn, miaka yote hii unatudanganya na haradali yako, kumbe nyumbani mnakula kitu kitamu!" Niliondoka bila kumaliza kahawa, na kahawa ya pale ni ya bure.

4. Kwa sababu yenu nililazimika kufanya karamu ya familia. Nilimwambia Twila, "Jumapili nawaita wote. Nitapika mwenyewe, kwa jungu la mama, wataonja, basi."

Twila akaniuliza, "Wote, maana yake hata Marlys?"

"Hasa Marlys."

"Utampigia wewe?"

"Utampigia wewe."

Alipiga. Marlys alikubali upesi mno, jambo lililonitia wasiwasi. Zaidi ya hayo nikamwita mama mdogo Hermina, miaka tisini na mitatu, mdogo wake mama na shahidi wa mwisho aliye hai. Nilikwenda mwenyewe kumchukua kwenye nyumba ya wazee. Alipanda gari na pipi za mnanaa za kunyonya kanisani, za kutosha mahubiri mawili.

Jungu nililichomeka saa kumi na mbili asubuhi. Ni lile lile la mama, rangi ya chungwa, lenye maua ya kahawia ambayo sasa yanaonekana upande mmoja tu. Ratili sita za nyama ya ng'ombe wetu wenyewe. Tuliporudi kutoka kanisani nyumba ilikuwa inanukia hata paka wa jirani alikuwa amekaa mlangoni kama mwalikwa.

5. Kifuniko. Ndugu Mhariri, hapa naomba usome taratibu. Kila anayejua jungu la umeme anajua kwamba ukifunua mara moja, umepoteza joto la dakika ishirini. Wageni waliingia saa tano na nusu. Shemeji yangu Darwin, mume wa Marlys, alifunua hata kabla ya kuvua kofia.

"Nanusa tu, shemeji."

"Darwin, kunusa ni kufunua."

"Basi nimeshafunua, ngoja ninuse vizuri."

Akaja Twila kukoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Akaja binti yangu, akaja mkwe wangu, akaja Darwin tena. Mpaka saa sita na nusu kifuniko kilikuwa kimefunuliwa mara kumi na moja. Mara tatu kati ya hizo ni mimi, lakini mimi nilikuwa nakagua hasara. Piga hesabu: ni dakika mia mbili na ishirini zilizopotea ndani ya saa moja. Maana yake nyama ilikuwa ikipikika kinyumenyume, na tungechelewa kidogo tu ingerudi kuwa ng'ombe. Gazeti lenu halikuandika neno hata moja kuhusu kifuniko. Mlipata nafasi ya vikombe vya tomato sosi, mkakosa mstari mmoja wa "Usifunue."

6. Tulipokaa na kuomba, Marlys alifungua mkoba wake akatoa chupa. Ya tomato sosi, nzima, ya familia. Akaiweka mbele ya sahani yangu.

Nikasema, "Twila, mwambie Marlys hapa si hotelini."

Marlys akasema, "Wifi, mwambie kaka yangu kwamba mama alitia, na yeye anajua alitia, na ubishi wake ndio ulioharibu mazishi ya mama."

Twila akaweka uma chini. Akasema, "Mimi leo sifikishi salamu za mtu. Mnaonana. Semeni."

Badala yake nilitengeneza skonzi mbili, moja kavu kama inavyotakiwa, na moja Marlys akaipaka uwekundu wake. Tukaziweka mbele ya mama mdogo Hermina. Alikula ya kwanza yote. Akala ya pili yote. Akaokota punje zilizomwagika, moja moja, kwa kidole. Meza nzima ilikuwa inamtazama kama jaji.

Nikauliza kwa adabu, "Mama mdogo, tusaidie. Mama alikuwa akitia tomato sosi, au hakutia?"

Akajifuta mdomo. "Alberta? Mimi nitajuaje? Sisi hatukuila ile nyama."

Marlys akasema, "Hamkuila kivipi? Ilikuwa kila Jumapili!"

"Nyie mlikula kila Jumapili. Mlikuwa saba, na baba yenu, na vibarua wawili wasioshiba. Jungu lilikuwa moja. Mama yenu alisimama pale kwenye sinki na mkate wake na siagi, akasema yeye nyama ya kusaga haimpandi. Nikija, nasimama naye. Siku moja nikamwuliza, 'Alberta, kweli haikupandi?' Akaniambia, 'Hermina, harufu inanitosha.'" Akaisogeza sahani yake mbele kidogo. "Ilikuwa inanukia vizuri sana. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuionja. Imebaki?"

Napenda ieleweke, Ndugu Mhariri, kwamba jibu hilo halikuhusu swali. Nilimwita shahidi kwa jambo moja, akatoa ushahidi wa jambo jingine, na sasa lile la kwanza halitajulikana mpaka siku ya ufufuo. Nilitaka kusema hivyo pale pale. Lakini nilikuwa na nyama mdomoni. Nilitafuna kwa muda mrefu. Nyama laini namna ile, nikaitafuna kama kamba.

Nilimkumbuka mama pale kwenye sinki. Nilikuwa namwona kila Jumapili. Nilidhani anapenda kutazama nje dirishani.

Darwin alimsogezea mama mdogo sahani ya skonzi. Twila alimjazia mama mdogo skonzi ya tatu mpaka mkate ukawa hauonekani kwa nyama. Marlys alisimama akaenda kwenye sinki kuosha vyombo. Nami nikachukua kitambaa nikaenda kufuta, maana vyombo havijifuti.

Nyumba ni ile ile ya wazazi. Marlys alisugua sahani moja muda mrefu, akasema bila kunitazama, "Kaka, ni hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Mimi nilidhani kweli haimpandi."

"Hata mimi."

"Nilikuwa nachukua ya tatu, kaka. Nilikuwa najaza mpaka inamwagika, halafu nampa mbwa."

Nikamwambia, "Mbwa alikuwa akipata mbili zangu, Marlys. Zako alikuwa anazila akiwa ameshiba."

Akacheka, halafu akawa hacheki. Tuliosha sahani ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Twila aliingia akatuona, akatoka tena.

7. Hili ndilo zito kuliko yote. Tangu siku hiyo, dada yangu ananipigia simu. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anauliza nimelalaje. Anauliza nakumbuka jina la yule farasi kipofu. Jana alinieleza kuhusu goti lake kwa dakika arobaini, goti moja tu, na kesho ameahidi la pili. Miaka kumi na moja ya utulivu mkubwa, iliyojengwa kwa subira ya pande zote mbili, imebomolewa na gazeti lako kwa toleo moja. Nani atanirudishia?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Sahihisho lichapwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kuliko za utabiri wa hali ya hewa. Baraza la wilaya lipitishe amri kwamba jungu la umeme likishachomekwa Jumapili, kifuniko chake kilindwe na naibu wa mkuu wa polisi hadi liive, na naibu huyo awe mtu asiye na uwezo wa kunusa. Uuzaji wa tomato sosi kwa watu wenye mikoba mikubwa usimamiwe. Wilaya ikishindwa, suala lifike kwa Gavana. Gavana akishindwa, nitalipeleka Sinodi ya kanisa letu, ambako angalau watalijadili kwa miaka thelathini.

Kuhusu maneno ya sahihisho, nilikuwa nimeyaandika tayari: "Marehemu Alberta Roelfs hakutia tomato sosi." Nimeyafuta. Nikaandika, "Wanawe hawakubaliani." Nayo nimeyafuta. Nadhani iandikwe tu kwamba nyama ya Bi Alberta Roelfs ililisha watu kumi kila Jumapili kwa miaka ishirini na sita, na kwamba yeye mwenyewe hakuionja. Mengine mjaze wenyewe, ninyi ndio mnajua kuandika.

Nisalimie mkeo, na mama yako, na yule fundi wa mitambo, na mwandishi wa tangazo la kifo changu. Mwambie chakula kilikuwa kizuri. Twila anawasalimu nyote. Mama mdogo Hermina naye anasalimu, na anauliza kama safu ya mapishi inahitaji mwonjaji.

Wako katika ukweli na haradali,

Verlyn Roelfs
Barabara ya Kaskazini, nyumba yenye sanduku la barua lililogongwa na trekta

Baada ya sahihi: Ukipata nafasi, nitumie nakala nyingine ya lile toleo la tarehe sita. Langu limelowa pale palipoandikwa vipimo, na sisomi vizuri kama ni kikombe kimoja na nusu au viwili na nusu. Mara ya kwanza nilitia kimoja na nusu, mara ya pili viwili. Marlys anakuja Jumapili, na mama mdogo amesema viwili na nusu ndipo penyewe. Itume kwa bahasha isiyo na jina la gazeti, na watu wa ushirika wasijue.