Sikio Langu na Friza

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu kifungua mimba, salamu nyingi. Baba yako hajambo, anakusalimu. Mdogo wako hajambo, anaulizia viatu. Shangazi yako hajambo isipokuwa goti. Paka hajambo. Friza haijambo, inagandisha vizuri. Mama Theluji wa nyumba ya pili naye mzima, kwa bahati mbaya. Bado anauza barafu kubwa kuliko zangu ili kunikomoa. Mimi mama yako sijambo, ila sikio.

Ulisema niandike kila siku kwenye daftari hili, nikupigie picha. Haya. Leo kliniki. Daktari kakitazama kile kidonda kikavu cha sikioni kwa kioo cha kukuzia. Kasema jua limekula ngozi, na ngozi yetu sisi wenye ualbino haikuzaliwa na mwavuli. Bado si saratani. Kikiachwa, kinaweza kuwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Alhamisi tutakigandisha, mama."

Kugandisha! Nimetoka bila kuaga. Mwavuli nimeusahau hukohuko.

Jumanne, 4 Machi

Mtu wa mwisho niliyemwona akipelekwa kwenye baridi ya hospitali ni bibi yako. Hakurudi kunisimulia.

Baba yako kasema wanagandisha kidonda, hawagandishi mtu. Nikamwuliza wanakitenganishaje na mimi. Akavaa kofia, akaenda kazini.

Halafu wazo! Nani mtaa huu anajua kugandisha kunishinda? Miaka tisa nauza barafu. Baridi ninayo nyumbani, tena haina foleni. Alhamisi daktari atakuta kazi imekwisha.

Jumatano, 5 Machi

Aibu. Nililowesha sikio ili baridi ipenye. Nikaingiza kichwa, nikalibana kwenye ukuta wa friza, penye barafu nene. Nikahesabu mpaka mia. Kutoka, sikio halitoki! Limenasa. Napiga kelele, sauti inaishia humohumo ndani. Aliyenisikia nani? Mama Theluji. Kasimama mlangoni, kaniuliza taratibu, "Jirani, barafu inakuambia nini?"

Baba yako ndiye aliyekuja kunimwagia maji. Nilifumba macho, nikajua ndiyo naoshwa nikazikwe.

Sikio jekundu kama nyanya. Kidonda kipo palepale. Mtaa mzima unajua kwamba nasikiliza barafu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepelekwa kliniki nimeshikwa mkono kama mbuzi. Nilivaa masweta matatu. Muuguzi kanivua mawili huku akicheka.

Hakuna chumba cha baridi! Kiti tu, dirisha, na chupa mfano wa themosi ya chai, inatoa moshi. Nikauliza moshi na baridi wapi na wapi. Daktari kasema ndani mna hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, na kwamba mbele yake friza yangu ni jiko.

Jiko! Friza yangu!

Akapuliza. Psss. Mwanangu, baridi ile inaunguza! Sikio likawa jeupe kama chaki. Akaliacha liyeyuke, likauma, akapuliza tena. Kasema sehemu yenye ugonjwa inakufa kwa kule kuganda na kuyeyuka, halafu ngozi nzima inajiponya yenyewe.

"Tumemaliza, mama."

Nikamwuliza kilichokwisha ni kazi au ni mimi. Kisha nikalia kidogo. Si kwa maumivu. Nilikuwa nimejiandaa kutotoka mle.

Jumamosi, 8 Machi

Lengelenge! Kubwa kama zabibu! Nimekimbilia kliniki na kandambili za rangi mbili. Muuguzi kasema ndivyo huwa, nisilitoboe. Nimeikalia mikono yangu mchana kutwa.

Jumamosi, 22 Machi

Kigaga kimeanguka chenyewe. Chini yake ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Daktari karidhika. Nirudi baada ya miezi mitatu, na nivae kofia pana.

Nimefikiri sana. Wao waligandisha, sawa. Lakini nani alianza? Friza yangu ndiyo iliyokilainisha kidonda. Nimemweleza hivyo Mama Theluji, maana ana chunjua kidoleni. Kwanza kacheka. Kisha kauliza kama inauma. Nikamhurumia, jirani ni jirani. Nimemlowesha vizuri kidole, nikamhesabia mpaka mia mbili, maana ngozi yake ni ngumu.

Naandika haya nimesimama. Kidole hakitoki. Nimemwuliza, kwa heshima zote, barafu inamwambia nini. Ananitazama tu.

Baba yako yuko kazini, simu yangu hapokei. Yako ataipokea. Mpigie, umwulize maji aliyonimwagia siku ile yalikuwa ya moto au ya vuguvugu, kisha unijibu upesi, mwanangu. Upesi sana. Kwa mkono mwingine keshashika mwiko wangu.