Hotuba ya Kuzindua Mtaa wa Komyuta, Njia ya Buluo

Mheshimiwa mwakilishi wa wakubwa ambao wangetamani kufika. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, vijitengo na vitengo vinavyongoja kuundwa. Baba padri, ambaye ametangulia kuondoka kwa sababu ya mazishi. Shekhe wetu, ambaye amevumilia kubaki. Bwana Mkuu wa Protokoli, ambaye ni shemeji yangu lakini kazi aliipata kwa sifa zake mwenyewe. Wazee wa Shituru. Wamama mliopendeza kwa vitenge vyenye picha yangu. Walimu mliotoka Mulungwishi mkidhani hapa pana semina. Nanyi nyote mlioletwa kwa malori, kila mmoja kwa cheo chake na kwa itifaki yote kuzingatiwa: mimi, Ambroise, Mratibu Mkuu wa Tume ya Makazi ya Kisasa na Mtaalamu Aliyesafiri, nawasalimu. (Makofi. Bendi inaanza kupiga, inanyamazishwa.)

Mnajua wote kwamba mwaka jana nilijitoa mhanga kwenda kaskazini mwa Uingereza, katika baridi ambayo siwezi kuieleza mbele ya watoto, ili kufanya utafiti linganishi, shirikishi na endelevu kuhusu swali moja tu: mtu wa kipato cha kawaida anawezaje kufanya kazi mbali na bado akalala kwake? Kule, pembeni mwa miji, kuna mitaa ya nyumba za matofali mekundu zilizoegemeana mabega, ambazo bei yake haimtishi hata mtu asiye na mjomba serikalini, na wakazi wake huondoka asubuhi kwa treni, wakachapa kazi mjini, na jioni wakarudi kula na watoto wao. Mtaa wa namna hiyo unaitwa mtaa wa komyuta. (Sauti: Kompyuta?) Hapana, baba, si kompyuta. Komyuta. Neno hilo nimelibeba mwenyewe, na forodhani limepita bila matatizo. (Kicheko.)

Nilipokelewa na binti wa hapa hapa Likasi, Chiku, ambaye baba yake alikuwa akiuza vitambaa karibu na soko kabla familia haijatawanyika. Chiku anahudumia wagonjwa wazee katika hospitali moja ya mjini. Alihamia mtaa ule kwa sababu ndipo alipoweza kupata nyumba yenye vyumba viwili na kijibustani, ambamo amepanda mboga zetu za lengalenga, ingawa jua la kule huja kama mgeni asiyepanga kulala. Mwaka wake wa kwanza, jirani yake, mzee mmoja mwenye mbwa, hakumwambia neno zaidi ya habari za mvua. Kisha ikaanguka theluji, treni zikasimama, na Chiku akabaki kando ya barabara na viatu vyake vya kazi, akilia kwa hasira, maana wodini kulikuwa na bibi aliyekataa kulishwa na mtu mwingine yeyote. Yule mzee akatoka, akapangusa kioo cha gari lake, akamwambia, "Ingia." Akamfikisha mpaka hospitali. Tangu hapo Chiku humpelekea mboga, naye mzee humrudishia bakuli likiwa na keki.

Nikamuuliza, "Dada Chiku, siri ya mtaa huu ni nini?" Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili chetu: "Hakuna siri, papa. Treni inafikaka. Na ikikosa kufika, kuko muntu wa kukubeba. Njo ile tu." (Wamama wanatazamana.)

Maneno hayo niliyatafakari kwa kina, nikayaweka kando, nikaendelea na utafiti. Nikagundua mapipa! Kila nyumba ina mapipa matatu ya taka, kila moja na rangi yake, na hapo ndipo nilipotambua chanzo cha maendeleo ya watu wale. Asilimia tisini ya ripoti yangu inahusu mapipa. Asilimia kumi iliyobaki ni shukrani. (Makofi kutoka jukwaani.)

Kwa hiyo, kwa kuzingatia mapendekezo ya ripoti yangu, yaliyosomwa na mimi na kuidhinishwa na mimi kwa niaba ya wote, tume iliamua kwamba uwanda huu mnaouona, wenye mwelekeo mzuri wa upepo na udongo usio na maoni, utakuwa mtaa wa komyuta wa kwanza katika eneo letu lote. Nyumba zake zitaegemeana. Treni itawachukua wafanyakazi alfajiri hadi Lubumbashi na kuwarudisha jioni kabla bukari, ugali wetu, haijapoa. Usalama umehakikishwa, kwa kuwa jirani yetu wa karibu ni gereza la Buluo, na takwimu zinaonyesha kwamba wezi wengi wa mkoa tayari wako ndani yake. (Sauti: Wengine bako nje, banashika mikro!) Nashukuru kwa mchango huo. Askari, mwacheni, ni demokrasia.

Na sasa, ili msidhani ninazungumza na upepo, namwalika mnufaika wa mfano, mama aliyekubali mabadiliko kabla ya wote, aje atoe ushuhuda wa furaha. Mama Emérance, panda. Mpisheni. Mama, sema tu yale tuliyokubaliana. (Mama Emérance anapanda jukwaani. Anakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.)

"Minye naitwa Emérance, wa Shituru. Bwana yangu, Rolly, anatumika kule Lubumbashi, ku garaji. Anarudiaka samedi, analala usiku moja tu, anaondokaka dimanche nyuma ya misa. Mutoto wetu wa mwisho anamwitaka tonton, sawa ni ndugu yangu tu. Siku moja alilia sana sababu tonton alikaa ku kitanda ya mama. (Kicheko.) Njo maana, wakati mulikuya kutuambia tutoke mu nyumba zetu, reli mupya itapita pale, na huku mutatupatia nyumba na treni ya kila asubui, minye njo nilikuwa wa kwanza kutoka. Nilitosha vyombo inje mu mvua, na niliimba. Bantu balisema nimepata kichaa. Sasa tunalala mu sale ya parokia, familia mingi pamoja, na pale kwetu kumeingia bantu bengine, banapaka rangi. Rolly ameomba ruhusa leo kusudi aone nyumba. Ule pale, na mutoto ku mabega. Muheshimiwa, sikukuya kugombana. Nauliza tu: treni iko wapi?"

(Makofi marefu.) Asante, mama, kwa ushuhuda huo mzuri ambao kidogo umetoka nje ya ratiba. Swali lako ni la kitaalamu na nitalijibu kitaalamu. Treni ipo. Ipo katika hatua ya dhana. Reli iko katika hatua ya mawazo ya awali kuhusu dhana. Nyumba zenyewe zimekwisha kufikia hatua ya maketi, yaani mfano mdogo wa karatasi ngumu, kazi safi sana, ambayo kwa bahati mbaya ililowa. (Kelele.) Tulieni! Hata Ulaya hawakujenga kwa siku moja!

(Sauti ya Rolly, kutoka katikati ya watu: Na bale benye banapaka rangi mu nyumba yetu, ni banani?) Hao, ndugu yangu, ni wakazi wa mpito, waliowekwa pale na tume ili nyumba zisipate upweke. (Sauti: Majina!) Majina ni suala la kiutawala. (Sauti: Shemeji yako njo anakaa mu nyumba ya Emérance, nimemuona na buroshi!) Bwana Mkuu wa Protokoli, kaa chini, usiondoke, utaonekana kama unaondoka. (Mkuu wa Protokoli anaondoka.)

Ndugu zangu, tusiingize hisia katika mipango miji. Mama Emérance, nirudishie mikro. Mama. (Mama Emérance harudishi.) "Muheshimiwa, weye leo utalala wapi?" Kwangu, mama, bila shaka. "Kuko vyumba?" Vyumba vipo, lakini si vyumba vya umma. "Kuko maji?" Maji pia yapo. "Basi. Bamama, mumesikia? Kuko vyumba na maji. Bebeni batoto, tupande malori. Tutangojea kule kwake mupaka treni ifike." (Vigelegele. Watu wanaelekea kwenye malori.)

Subirini! Ratiba haijaisha! Kuna kukata utepe! Kuna vinywaji baridi, kwa jukwaa kuu! Madereva, nawaamuru msiwashe! (Malori yanawaka.) Mtu ampigie simu mke wangu, Christiane, afunge geti. (Sauti: Tumemupigia. Anauliza muko bangapi, kusudi apike bukari.) Christiane ana moyo mwepesi, nimemwambia mara nyingi.

Basi tumalizie kwa heshima. Semeni nami: Mtaa wa komyuta! (Wamama wanapandisha watoto.) Nyumba kwa kila familia! (Bendi inapanda lori la mwisho na ngoma zake.) Treni leo, kesho na milele! (Shekhe anatoa mkono, anaaga, anapandishwa lori kwa heshima zote.)

Idrissa, dereva wangu, leta gari. (Sauti ya Idrissa, kutoka mbali: Limejaa bakoko, bazee ba Shituru, Muheshimiwa! Balisema weye ungali na maneno mingi!)

Kwa hayo machache, nawashukuru wakubwa ambao hawakufika, maana hawakuwahi kuombwa ruhusa. Nawashukuru wahandisi, ambao hawakuajiriwa. Namshukuru mwenye uwanda huu, ambaye amefika sasa hivi na mbuzi wake na anauliza tunafanya nini hapa. Nakushukuru hata wewe, mwalimu wa Mulungwishi, uliyelala kwenye kiti, kwa kuwa shahidi wa uzinduzi wa kihistoria wa mradi ambao haukupimwa, haukuchorwa wala haukuwahi kuwepo popote ila mdomoni mwangu. Amka, mwalimu. Tutembee kwa haraka. Huenda tukalikuta lori moja limekwama, wakatuambia tuingie.