Maziko ya Mabati ya Mzee Elungat

Rasto alikuwa mtu wa kusoma chochote kilichofungiwa chakula. Wenzake wakimaliza samaki hutupa karatasi. Yeye alimaliza samaki, akalamba vidole, akaikunjua karatasi juu ya goti na kuisoma hadi jina la mpiga chapa. Mwenyewe alipenda kusema kwamba elimu ya msingi aliipata Butere, na ya juu aliipata kwenye mafuta ya samaki.

Jumamosi moja ya mwaka 1969, saa sita mchana, alikuwa kwenye benchi la Mama Goretti, nyuma ya stesheni ya Tororo, akimalizia ngege aliyemkopa kwa ahadi tamu. Gazeti lililomfunga samaki huyo lilikuwa la Kiingereza, nalo lilisema kuwa kule Uingereza serikali imetunga kanuni mpya kuhusu vumbi la asbesto. Anayeishika azibe pua na mdomo. Vumbi lilowanishwe kwa maji. Magunia yake yafungwe barabara. Na palikuwa na habari ndefu za wafanyakazi walioharibika vifua na fidia walizokuwa wakidai.

Rasto aliinua macho. Ng'ambo ya reli, chini ya lile jabali la Tororo, lilikuwepo paa jipya la asbesto, refu, la kijivu, limekaa juu ya baa na vyumba vya kulala wageni.

"Mama Goretti, lile paa ni la nani?"

"Ya Mzee Elungat," alijibu mama yule, akigeuza samaki kwenye karai. "Mabati mia moja na ishirini. Mimi nahesabu kila siku."

"Ana pesa?"

"Anazo. Na anapenda zingine." Kisha, bila kuulizwa, aliendelea. "Huyo ndiye alikuwa nachukua watu ya kupakua magunia ya asbesto kwa mabehewa. Bwana yangu Mangeni alibeba miaka sita. Sasa anakohoa hata kulala hawezi, na Elungat alimfukuza. Nilikwenda kwa afisa wa kazi mara tatu. Yeye nasema, mama, leta sahihi ya mwajiri. Nakwenda kwa Elungat, Elungat nasema Mangeni hamjui."

"Pole sana," alisema Rasto, naye alimaanisha, kwa muda wa kama dakika nzima. Halafu akili yake ikarudi juu ya paa.

Ni lazima tumtendee haki Rasto. Hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako, na Rasto hakuwahi kuchukua kitu cha mtu. Watu walimpa wenyewe, wakamshukuru, wakamsindikiza hadi barabarani. Zamani alikuwa karani katika ofisi ya kazi upande wa Kenya, mpaka siku muhuri wa ofisi ulipopatikana katika mfuko wa suruali yake. Aliondoka bila kiinua mgongo, ila aliondoka na vitabu viwili vya fomu za fidia ya wafanyakazi, fomu halali kabisa, pamoja na karatasi zake za kaboni. Miaka mitatu alikuwa akizitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi. Na kule Busia, upande wa Kenya, alikuwapo mfanyabiashara mmoja, Osborn, mzee wa kanisa, aliyekuwa akijenga gesti na kutafuta mabati yasiyo na maswali mengi.

Jumatatu asubuhi Rasto aliingia kwa Elungat akiwa amevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, kofia ngumu ya kizungu, na leso nyeupe usoni iliyofungwa kisogoni. Kwapani alikuwa na kitabu kinene kilichofunikwa karatasi ya kahawia. Kilikuwa kitabu cha saa za treni, lakini kwa nje kilifanana na sheria.

"Usipumue, mzee," alisema mlangoni.

Elungat, mtu mnene mwenye minyororo miwili ya saa na saa moja tu, alizuia pumzi mpaka macho yakamtoka.

"Sasa pumua kidogo. Mimi ni Mkaguzi wa Vumbi. Una asbesto juu ya kichwa chako."

"Hiyo si kosa! Nilinunua!"

"Nani kasema kosa? Ni bahati." Rasto alifungua kitabu penye treni ya Soroti na kukunja uso. "Kifungu cha tisa. Mwenye paa la asbesto aliondoe, naye atafidiwa shilingi arobaini kwa kila bati."

Bati moja dukani lilikuwa shilingi kumi na nane. Elungat alikaa chini polepole, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike.

"Serikali nalipa? Kwa kila moja?"

"Kila moja. Unalipa ada ya usajili tu, shilingi mbili mbili."

"Na banda ya nguruwe nayo ina mabati nane."

"Nguruwe nao wana vifua, mzee."

Mpaka hapo kazi ilikuwa imekwisha, na mtu mwenye kiasi angepokea ada yake akaenda zake. Lakini Rasto alikuwa fundi, na fundi hupenda kupamba. Alitoa fomu zake za zamani.

"Kuna na fidia ya watu. Uliwahi kuwa na vibarua walioshika vumbi hili? Kwa kila kibarua aliyeumia, mwajiri hupewa shilingi mia ya usumbufu. Lazima uape tu kwamba ulimwajiri, kazi gani, tangu lini mpaka lini, na mshahara wake. Kama huna watu, basi, tufunge."

"Ninayo!" alipiga kelele Elungat. "Ninayo mingi! Andika. Oriokot. Andika Matayo. Andika Mangeni, miaka sita, huyo aliumia kabisa, hata mimi nilisikia huruma!"

Aliwataja kumi na wanne, wawili kati yao wakiwa marehemu na mmoja akiwa shemeji yake ambaye hajawahi kubeba hata kikapu. Shemeji alifutwa, kwa sababu hata Rasto alikuwa na mipaka. Elungat alitia sahihi kila fomu kwa mwandiko mkubwa, akaipiga na muhuri wake wa ukandarasi. Nakala tatu tatu, kaboni katikati. Rasto alizitazama zilivyopendeza, moyo ukamjaa. Hata wale waliomfukuza kazi hawakuwahi kuona fomu zilizojazwa vizuri namna ile.

Vibarua wa kushusha paa, Mama Goretti ndiye aliyemtafutia Rasto. Aliwaleta siku ya pili yake, wanaume kumi, wote waliowahi kupakua magunia kwa Elungat, Mangeni akiwa mbele. Mangeni alikuwa mrefu, mtu wa upande wa Masinya, na shati lilimning'inia mabegani kama liko kwenye kamba ya kufulia. Walipopanda kwenye ngazi walikohoa kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea.

Umati ulijaa. Na Rasto akiona umati hawezi kujizuia. Alisimama juu ya kreti la bia, akawasomea sheria yote ya gazeti na nyingine iliyomjia papo hapo. Wafunge leso puani. Wamwagie kila bati maji. Wasilivunje, maana vumbi lake halinuki wala halionekani, linaingia kifuani likakaa humo miaka. Na mwisho, kwa sauti ya mazishi, alisema mabati yote yatazikwa ardhini futi sita, yasimdhuru tena mtoto wa mtu. Hili la kuzika aliliweka ili Elungat asije akauliza mabati yamekwenda wapi.

Wale wanaume kumi juu ya paa walikuwa wameacha kazi, wanamsikiliza.

"Linakaa kifuani?" aliuliza Mangeni kutoka juu.

"Linakaa."

"Miaka mingapi?"

"Mingi," alisema Rasto, na kwa sababu isiyoeleweka aliangalia pembeni.

Ili kukamilisha madoido alimpa kila kibarua nakala ya fomu yenye jina lake. Elungat mwenyewe aliwapungia mkono kwa furaha, akihesabu mia zake kumi na tatu.

Jumatano mabati mia moja ishirini na nane yalikuwa yamepangwa, mazima, yakiwa na unyevu, katika shamba moja nje ya mji kwenye barabara ya Busia. Rasto aliwaambia vibarua wayalinde, yeye anakwenda kuleta lori la serikali liyapeleke makaburini. Alipanda basi hadi Busia akicheka peke yake kiasi kwamba aliyeketi naye alihama kiti.

Osborn alikuwa amekwisha toa malipo ya kwanza, na Rasto alikuwa amekwisha yatumia. Zilibaki shilingi elfu moja mia mbili, mali ikishapakiwa. Alhamisi saa nne walifika na lori, Osborn mbele amevaa tai, wapakizi watatu nyuma.

Shambani hapakuwa na mabati. Palikuwa na tuta la udongo mbichi, refu kama behewa, limemwagiwa maji na kulainishwa kwa majembe. Kichwani pake palisimama msalaba wa mti. Vibarua kumi walikaa kando, leso puani, wamechafuka udongo hadi nywele. Wanawake walikuwa wakigawa chai. Katekista alikuwa anafunga kitabu chake.

Rasto alishuka. "Mangeni. Mabati yako wapi?"

"Tulizika, Bwana Mkaguzi," alisema Mangeni. "Futi sita. Tulipima na kamba. Hatukuvunja hata moja."

"Mmezika! Nani aliwaambia mzike?"

"Wewe."

Rasto alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Vizuri. Vizuri sana. Sasa tunayafukua, kwa ukaguzi."

Katekista alimtazama Rasto kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa, na alikuwa ametazamwa na mahakimu wawili.

"Bwana," alisema katekista, "hapa pameombewa. Watu walilia hapa. Tulitaja majina ya wale wawili waliokufa kwa kifua. Nchi hii anayefukua kaburi ni mtu wa namna moja tu, na wewe unajua tunamfanya nini."

Rasto alijua. Kuanzia Kirewa hadi Sop Sop mtoto wa miaka minne angejua. Mfukua kaburi ni mchawi, hana kesi wala wakili. Aligeuka kwa Osborn kutafuta msaada, akakuta wapakizi wamekwisha panda lorini na Osborn amevua kofia yake, ameinamisha kichwa.

"Mzee Osborn, ni mabati tu haya! Mabati!"

"Mimi ni mzee wa kanisa, Rasto," alisema Osborn kwa sauti ya chini. "Siezeki gesti kwa vitu vilivyotolewa chini ya msalaba. Nani atalala humo? Pesa zangu za kwanza utanipa kabla ya Jumapili." Lori liliondoka bila kupiga hata honi, kwa heshima ya marehemu.

Vibarua nao walikuwa na neno. Kuchimba futi sita, urefu ule, ni kazi ya watu kumi kwa usiku na mchana, na Bwana Mkaguzi hawezi kukosa kuwalipa mbele ya katekista. Ada yote ya Elungat, shilingi mia mbili hamsini na sita, ilitoka katika soksi ya Rasto, ikagawiwa papo hapo.

Akabaki amekaa kwenye ukingo wa shamba. Mama Goretti alikuja akamletea kikombe cha chai.

"Leo hakuna mkopo. Hii ya bure," alisema.

"Mama, ulijua mimi si mkaguzi?"

"Mkaguzi gani anakula samaki siku nne bila kulipa?"

"Basi kwa nini ukanyamaza?"

Mama Goretti alikaa, akanyoosha miguu. "Gazeti ile nilipewa na masista, mwaka huu huu. Sista alinisomea yote. Nilipeleka kwa Elungat, alicheka. Nilionyesha watu, walisema huyu muuza samaki ameanza kusumbuka kichwa. Nikaona, hii maneno inataka mtu ya kofia. Nikaweka gazeti pembeni, nangoja. Wewe ulikuja na mdomo yako hiyo. Nikakufungia samaki."

Rasto alivinusa vidole vyake, kama bado vina mafuta ya samaki.

"Nakala ya Mangeni nilipeleka jana," aliendelea mama yule. "Afisa alisoma mara mbili. Sahihi ya Elungat, muhuri ya Elungat, miaka sita, mshahara. Aliuliza, mama, umeipata wapi? Nikasema, aliandika mwenyewe kwa furaha. Leo amemwita Elungat na wengine wote watakwenda. Mangeni atapelekwa kwa daktari ya kifua." "Labda ni kuchelewa. Lakini atakwenda kama mtu ambaye alikuwa na kazi, si kama mtu ambaye hawamjui."

Rasto alizungusha chai kikombeni. "Na mabati? Fomu ulikuwa nayo. Mngeniachia mabati."

"Ukauzie nani?"

"Watu wa Busia."

"Hao si watu?" Alichukua kikombe chake, akaondoka. Hatua chache mbele aligeuka. "Yote ulisema juu ya kreti ni kweli, bwana. Hapo wote tulijua. Ni wewe peke yako ulidhani unadanganya."

Jioni hiyo Rasto alifika Busia kwa miguu, maana nauli ilikuwa kwenye soksi na soksi ilikuwa tupu. Mvua kubwa ilimkuta karibu na mpaka. Wachuuzi, wapagazi, wanawake wenye vikapu, wote walikimbilia chini ya paa la banda moja la mizigo, wakabanana wakicheka. Rasto naye alikimbia, akafika chini ya ukingo, akainua macho.

Paa lilikuwa la kijivu, la mawimbi mapana.

"Ingia, bwana, unalowa!" wakamwita.

Rasto alirudi nyuma hatua tatu. Alitoa leso, akajifunga puani, akasimama katikati ya barabara na kofia yake ya kizungu, mvua ikimpiga. Na wote waliokuwa chini ya banda walikubaliana kwamba yule bwana, kwa mavazi yake, anaonekana ni mtu mkubwa wa serikali, ila masikini, akili imemruka.