Ombi la Kurudishiwa Mwizi Wetu wa Mifuniko

Kwa Afande Mkuu wa Kituo,
Nakala kwa Ndugu Mhariri wa gazeti lililoandika kwamba tumepumua.

Kuhusu: Kukamatwa kwa mwizi wetu bila sisi kushirikishwa

Afande,

Natumaini barua hii inakukuta u mzima, umeketi, na chai umekwisha kuinywa, maana ina mambo ya kuudhi na sipendi ujimwagie. Mimi ni fundi cherehani, mjane, mkazi wa ile safu ya nyumba nyuma ya kiwanda cha magodoro. Ni mjumbe wa kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa. Wewe unanijua: ndimi niliyeipunguza kiuno suruali ya sare ya naibu wako, kisha nikaipanua tena alipopandishwa cheo. Nakuandikia kwa heshima zote. Ila nimekasirika.

Unakumbuka kwamba mtaani kwetu palikuwa na mwizi wa mifuniko ya sufuria. Hakuiba redio, hakuiba nguo, hakuiba hata sufuria zenyewe. Alikuwa akipitisha waya wenye ncha iliyopinda katikati ya nondo za madirisha ya majiko yetu, anaivua mifuniko kwenye vichanja vya vyombo, anakwenda zake. Tulimpa jina la Bwana Mvuke, kwa sababu alipopita yeye, mtaa mzima ulipika wazi. Mwezi uliopita askari wako walimkamata pamoja na gunia lake, na mifuniko ikarudishwa kwa wenyewe. Watu wanawapongeza. Mimi naleta malalamiko, nayo ni haya.

1. Kukamatwa kwenyewe. Wewe kwa kinywa chako ulisimama katika ukumbi wa shule ukatuambia kwamba ulinzi shirikishi maana yake hakuna jambo litakalofanyika bila sisi. Likafanyika. Kamati ilikuwa na kikao kesho yake, ajenda ni moja tu, "Tumkamateje?", na mwenyekiti wetu, ambaye ni kinyozi, alikwisha kuazima viti. Tukafika, tukakaa juu ya viti vya watu bila ajenda, tunatazamana. Tulijaribu kuzungumzia mitaro, lakini hakuna aliyekuwa na moyo huo. Tena wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Nimeangalia kalenda yangu ya ukutani: hazikutimia. Hata mwizi ana haki zake, Afande, na hizi alipewa na wahenga, si na Bunge.

2. Gazeti. Liliandika kwa herufi kubwa: WAKAZI WAPUMUA. Mimi ni mkazi, na sikupumua. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama nimepumua au bado. Yule "mkazi mmoja" aliyesema kwamba sasa tutalala fofofo ni muuza kuku wa ng'ambo ya barabara, ambaye katika sakata lote hili hakupoteza hata kijiko. Ndivyo habari zilivyo siku hizi. Mtu mmoja akipiga chafya, gazeti linaandika kwamba taifa lina mafua. Ndugu Mhariri, haya nayasema mbele ya Afande ili usije ukasema nimekusengenya.

3. Wifi yangu. Hapa naomba usome polepole.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anakaa mlango unaotazamana na wangu. Kati yetu kuna ujia mwembamba. Mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Siku ya msiba wa mume wangu, nyumba imejaa watu, wifi alionja chai niliyoipika, akasema, na watu wakasikia, kwamba katika chai ile majani yalipita tu kusalimia. Jamani! Mume wangu ndiyo kwanza tumetoka kumzika! Sikumjibu. Sikumjibu siku hiyo, wala mwezi huo, wala mwaka huo. Yeye naye si mtu wa kuomba radhi. Ukoo wao wote haukujaliwa hilo, hata marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akikosea ananunua ndizi. Basi tukakaa hivyo, milango inatazamana na sisi hatutazamani. Nikisikia amefungua, mimi nafunga.

Sasa Bwana Mvuke alipoupitia ujia wetu, aliuacha mfuniko mmoja tu, wangu, kwa sababu wakati huo ulikuwa motoni juu ya maharage. Si mfuniko wa maana. Kishikio chake kilivunjika zamani, nikafunga badala yake kile kigogo cha mbao kinachozungushiwa uzi. Jioni mlango ukagongwa: wifi. Aliomba mfuniko kwa sauti ya mtu anayejitolea kuchomwa sindano. Nikampa. Akaurudisha umeoshwa, umekaushwa, hata masizi ya tangu enzi ameyatoa, kunisuta. Kesho yake akaja tena. Siku moja akaurudisha pamoja na habari ya kinyozi na mwenye nyumba, na habari ile si ya kusimuliwa mtu amesimama, akakaa. Akakalia kiti cha kaka yake. Tukacheka, Afande. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kama marehemu, anaanza kwa kukohoa. Basi ikawa kila jioni. Chai sikumpa, nami nina heshima yangu, lakini nilikuwa karibu. Majani nilikwisha kununua.

Kisha nyinyi mkamrudishia mfuniko wake, ule wa buluu. Hakuja tena. Aje kufanya nini? Ana wake. Jioni nasikia ukigonga sufuria yake kwake, na mimi nafunika yangu kwangu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mgeni wetu alikuwa mwizi, na mmempeleka rumande.

4. Mwalimu mstaafu. Anakaa peke yake chumba cha mwisho cha safu, nje ya ujia wetu. Mfuniko wake ni mkubwa, wa sufuria ya shughuli, na Bwana Mvuke alishindwa kuupitisha kwenye nondo. Kwa hiyo ukawa wa upande ule wote: anayepika mapema akimaliza anampa anayechelewa, mlango hadi mlango, na usiku unarudi kwa Mwalimu. Siku moja haukutoka kwake asubuhi, wala mchana haukuonekana. Majirani wakaenda kumgombeza. Wakamkuta yuko sakafuni ana homa kali, hawezi hata kuufikia mlango. Wakambeba hospitali. Alipona, na neno lake la kwanza aliporudi lilikuwa kwamba mfuniko wake umebonyezwa, nani kaubonyeza. Leo kila mtu ana wake. Mwalimu anaweza kuugua kwa raha zake wiki nzima na asisumbuliwe na mtu. Hilo mbona gazeti halikuliandika?

5. Haraka ya haki. Sote tunajua kesi zinavyokwenda. Kesi ya baiskeli ya kinyozi ilianza binti yake akiwa anatambaa. Sasa binti huyo anaendesha baiskeli, si ile, na kesi bado inatajwa. Hatujawahi kulalamika. Kwa hiyo mlipolikamata lile gunia nilijipa moyo. Nilisema mifuniko ni vidhibiti, itakaa stoo ya kituo miaka na miaka, nasi tutaendelea kuazimana. Lo! Hakimu akasema picha zinatosha, na haikupita wiki gari la polisi likaja kugawa mifuniko nyumba kwa nyumba, tena kwa king'ora. Tangu lini? Umri wetu wote tumelia na ucheleweshaji, na mara moja tu tulipouhitaji mkatunyima.

6. Mifuniko miwili imerudishwa kwa wasio wenyewe, na maneno yameanza. Hili ni dogo, nimelitaja kwa ukamilifu.

Kwa sababu hizo zote, kamati (maana yake mimi; wenzangu nitawaarifu) inaomba yafuatayo.

Kwanza, arudishwe Bwana Mvuke. Tutamdhamini. Hatutaki aanze kazi siku hiyo hiyo. Apumzike, azoee, halafu aendelee pale alipoishia.

Pili, ikiwa amebanwa na mahakama, tuazimwe mwizi mwingine kutoka kituo cha jirani, wa tabia kama zake, mpole, asiyevunja vitu, asiye na haja na televisheni. Aje na barua ya utambulisho, maana mtaa wetu haupokei watu hivi hivi.

Tatu, ikiwa wezi wa namna hiyo wamekwisha, kazi ifanywe na askari aliyevaa kiraia. Si lazima amalize mtaa mzima. Aanze na mfuniko mmoja tu, wa buluu, umebanduka rangi ukingoni, uko kichanja cha juu, dirisha la pili upande wa kushoto ukiingia ujiani. Wifi huenda sokoni asubuhi. Kama waya utamshinda, komeo la mlango wa jiko limelegea, likisukumwa kwa kisu linafunguka lenyewe, nimelijaribu. Akanyage upande wa kulia, kushoto kuna ndoo. Asiguse kitu kingine chochote, na akitoka afunge, kuna paka.

Afande, najua kwamba kumwelekeza polisi namna ya kuingia jikoni kwa wifi yangu kunaweza kuonekana kama kosa. Ndiyo maana nimeandika waziwazi na kutia sahihi. Mwizi hatii sahihi.

Nisingeyaomba haya kama ningeweza kuvuka ujia mwenyewe. Lakini nivuke nimebeba nini, niombe nini? Mfuniko ninao. Nina upweke, Afande, nausema hivyo hivyo ulivyo. Nilikuja hadi kaunta kwako kuuliza kama kuna fomu ya kuripoti jambo la aina hiyo, na askari wa zamu akaniuliza kwanza kama kuna kilichovunjwa. Nikarudi nyumbani.

Naomba nikomee hapa. Msalimie naibu wako, mwambie suruali ya pili iko tayari na nimeacha nafasi, asiwe na wasiwasi. Wasalimie askari wote wa zamu, hata yule wa kaunta. Msalimie hakimu kama mkikutana, na mpishi wa mahabusu, na mama mkwe wako ambaye nasikia amekuja. Kwa namna ya pekee msalimie Bwana Mvuke, na mwambie shati lake lililochanika siku ya kukamatwa aniletee, nitalitia kiraka bure. Ndugu Mhariri nakusalimu pia, ingawa hukustahili.

Ni mimi, mwenye malalamiko mengi na mfuniko mmoja,

Fundi Cherehani,
Mlango wa Tatu, Ujiani.

Baada ya kutia sahihi:

Afande, nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mlango ukagongwa. Wifi! Anaomba mfuniko. Nikamtazama. Nyuma ya bega lake, ng'ambo ya ujia, dirisha lake liko wazi, na mfuniko wa buluu uko juu ya kichanja, umesuguliwa mpaka unang'aa. Yeye anajua nimeuona. Mimi najua kwamba anajua. Funika kombe mwanaharamu apite: nikampa wangu. Akasema ataurudisha jioni hii, na kwamba kama patakuwa na chai, hata iwe nyepesi, atakunywa.

Kwa hiyo malalamiko yangu nayafuta, tangu la kwanza hadi la sita, pamoja na maombi. Usimwachie mtu. Yule askari wa kiraia asije, na kama yuko njiani arudishwe upesi, maana komeo la wifi nimekwisha kuvuka kulifunga kwa uzi mnene na ataumia kidole. Kama Bwana Mvuke mmeshamwachia kwa ajili yangu, mkamateni tena leo leo. Huyo ni mwizi, Afande! Madirisha yetu anayajua yote, na mimi sitaki mtu aguse ule mfuniko wa buluu. La nne tu, la Mwalimu, nalibakiza, lakini si kwako. Nitalishughulikia mwenyewe: kila asubuhi nitapita kumgombeza bila sababu.

Ndugu Mhariri, ukipenda unaweza kuandika kwamba mkazi mmoja amepumua.

Barua naituma hata hivyo, kwa sababu bahasha nimekwisha kuiandika anwani kwa kalamu ya wino. Mnisamehe kwa mwandiko wa mistari hii ya mwisho. Birika limeanza kuchemka, na leo majani nayatia kwa konzi, si kwa kijiko.